Buti la Motokaa Lisitegemee Umeme Peke Yake

Katika motokaa za zamani buti lilifunguliwa kwa ufunguo. Dereva aliuingiza ufunguo katika tundu lililokuwa nyuma ya gari, akauzungusha, na mfuniko ukainuka. Katika motokaa nyingi za siku hizi tundu hilo halipo. Mahali pake pana kishikio kilichojificha juu ya kibao cha namba, na ndani ya kishikio hicho mna kitufe kilichovikwa mpira laini. Kidole kikikigusa, buti hufunguka. Watu wengi hudhani kwamba ni mkono wao uliofungua mlango huo, lakini sivyo. Kishikio hicho hakivuti wala hakisukumi kitu chochote. Ni swichi tu, sawa na ile iwashayo taa ukutani, na kazi yote ya kufungua hufanywa na umeme wa betri.

Badiliko hilo limeingia kimya kimya, na wengi wamelipokea kwa furaha bila kuuliza swali lolote. Hata hivyo liko swali ambalo kila mwanafunzi wa fizikia na kila mwalimu wake wanapaswa kuliuliza: umeme ukikosekana, buti hilo litafunguliwaje? Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi kitasa cha umeme kinavyofanya kazi, na kutetea rai moja, yaani kwamba kitasa hicho ni uvumbuzi mwema, lakini hakuna buti linalofaa kuachiwa njia moja tu ya kufunguka.

JINSI KITASA KINAVYOFANYA KAZI

Kitasa cha buti kina sehemu mbili kuu. Sehemu ya kwanza ni kigingi cha chuma kilichopindwa mfano wa herufi U. Sehemu ya pili ni kisanduku ambacho ndani yake mna kipande cha chuma chenye pengo kama mdomo, nacho huzunguka juu ya pini. Mfuniko unaposhushwa, kigingi huingia katika mdomo huo na kuuzungusha. Papo hapo kizuizi kidogo kinachosukumwa na springi huangukia mahali pake na kuuzuia mdomo usirudi ulikotoka. Mlio unaosikika wakati buti linapofungwa ni sauti ya kizuizi hicho kikitua.

Ili buti lifunguke, kizuizi hakina budi kuvutwa hadi kishinde nguvu ya springi yake. Zamani kilivutwa na ufunguo, au na kebo iliyounganishwa na wenzo ulio karibu na kiti cha dereva. Katika kitasa cha umeme kizuizi huvutwa na mota ndogo yenye gia zinazopunguza mwendo na kuongeza nguvu. Katika baadhi ya vitasa badala ya mota hutumiwa koili ya waya, ambayo hugeuka sumaku mkondo upitapo ndani yake na kukivuta kijiti cha chuma. Mkondo unaopita katika kitufe cha kishikio ni mdogo sana. Kazi yake ni kupeleka habari tu. Habari hiyo hufika kwenye chombo cha kuongoza mitambo ya gari, nacho huhakikisha kwanza kama gari limefunguliwa au kama rimoti ya mwenyewe iko karibu, ndipo kipeleke mkondo mkubwa kwenye mota.

Jambo moja katika maelezo hayo lafaa litiliwe mkazo, kwa kuwa ndilo msingi wa hoja yote. Katika muundo wa kawaida, kitasa hiki hujifunga kwa nguvu ya mkono na ya springi, bila kuhitaji umeme hata chembe. Lakini hakifunguki bila umeme. Betri iwe hai au iwe imekufa, mfuniko ukishushwa utafunga. Kwa lugha nyingine, kuingia ni bure na kutoka kuna malipo, na malipo hayo hulipwa na betri. Chombo chochote chenye tabia hiyo hufanana na mtego, hata kama aliyekibuni hakukusudia hivyo.

FAIDA ZISIZOKANUSHIKA

Haitakuwa haki kukilaumu kitasa cha umeme bila kutaja wema wake. Tundu la ufunguo lilikuwa njia ya vumbi na maji ya mvua, na fundi yeyote wa magari anajua jinsi kutu na mchanga vilivyokuwa vikiziharibu tundu hizo. Kitufe kilichofunikwa kwa mpira hakisumbuliwi sana na mambo hayo. Aidha, tundu la ufunguo lilikuwa mahali ambapo mwizi angeweza kutia bisibisi na kuvunja. Fauka ya hayo, kitasa cha umeme humwezesha dereva kufunga milango yote na buti kwa tendo moja, na mtu mwenye mikono dhaifu hupata nafuu. Kwa hiyo haifai kudai kwamba dunia irudi kwenye ufunguo wa zamani. Kinachotakiwa ni umeme uongezwe juu ya njia ya zamani, usiifute kabisa.

BETRI INAPOCHOKA

Kazi ya kufungua buti haihitaji nishati nyingi. Ichukuliwe kwa mfano kwamba mota ya kitasa hutumia ampea 4 kwa volti 12 kwa muda wa nusu sekunde. Nishati itakayotumika ni 12 × 4 × 0.5, yaani jouli 24. Taa ndogo ya ndani ya gari yenye wati 5 huimaliza nishati kama hiyo kwa muda usiofika sekunde 5. Laiti jambo lingekuwa la nishati peke yake, kusingekuwa na shida.

Sasa ichukuliwe kwamba taa hiyo ya wati 5 imesahauliwa ikiwaka. Mkondo wake ni 5 ÷ 12, yaani takriban ampea 0.42. Betri ya ampea-saa 45 iliyojaa barabara itamalizwa na taa hiyo kwa muda wa saa 107 hivi, ambazo hazitimii siku tano. Betri kuukuu itakwisha mapema zaidi. Gari lililoegeshwa wakati mwenyewe yuko safarini laweza kukutwa katika hali hiyo bila ya mtu yeyote kufanya kosa kubwa.

Hapo huonekana jambo ambalo huwashangaza wengi. Taa ya ndani bado inawaka, lakini buti halifunguki. Sababu yake ni ukinzani wa ndani ya betri, ambao huongezeka kadiri betri inavyochoka na kuchakaa. Tuseme betri iliyochoka ina volti 11 isipotumika, na ukinzani wake wa ndani umefikia omu 1.5. Taa ya wati 5 ina ukinzani wa omu 29 hivi inapowaka. Volti zitakazoifikia ni 11 × 29 ÷ 30.5, yaani kama 10.5, nayo itawaka vizuri. Lakini mota ya kitasa, inapoanza kuzunguka, yaweza kuwa na ukinzani wa omu 2 tu. Kwa betri nzima ingepata mkondo wa ampea 6. Kwa betri hii iliyochoka itapata 11 ÷ 3.5, yaani ampea 3.1. Kwa kuwa nguvu ya kuzungusha ya mota ya namna hii hufuata ukubwa wa mkondo, nguvu hiyo itakuwa imepungua kwa karibu nusu. Springi ya kizuizi haijapungua nguvu yake, wala mpira wa mfuniko unaokibana kigingi haujalegea. Mota itanguruma kidogo na kushindwa.

Jambo hilo huwa gumu zaidi pale betri yenyewe inapowekwa nyuma ya gari. Mfano unaojulikana ni Toyota Prius ya kizazi cha pili, iliyoanza kuuzwa mwaka 2003. Betri yake ya volti 12 imewekwa upande wa kulia wa sehemu ya mizigo, na mlango wa nyuma unaoifunika hufunguliwa kwa swichi ya umeme. Betri hiyo ikifa, anayetaka kuifikia huona kwamba ufunguo wa mlango umefungiwa nyuma ya mlango ule ule. Watengenezaji hawakulala. Waliweka chini ya boneti mahali pa kuunganishia nyaya za kuazima umeme, na ndani ya mlango wa nyuma waliweka wenzo wa kuufungua kwa mkono, uliofichwa nyuma ya kifuniko kidogo. Huo ni mfano mwema wa uhandisi unaokumbuka siku ya kushindwa. Lakini njia ya akiba isiyojulikana na mtumiaji ni sawa na kutokuwapo. Motokaa nyingi za namna hiyo zimefika Kenya na Tanzania baada ya kutumika Japani, na kitabu chake cha maelezo, kama kimo garini, mara nyingi kimeandikwa Kijapani.

BINADAMU NDANI YA BUTI

Hadi hapa madhara yaliyotajwa ni usumbufu tu: mizigo iliyofungiwa, safari iliyochelewa, fedha ya fundi. Lakini liko jambo zito zaidi, nalo limekwisha kugharimu roho za watu.

Mwaka 1995, katika mji wa San Francisco nchini Marekani, Janette Fennell na mumewe walitekwa na majambazi na kufungiwa katika buti la gari lao wenyewe. Walipopapasa gizani waliikuta kebo ya kufungulia buti, wakaivuta, wakatoka wakiwa hai. Tangu hapo mama huyo alianza kampeni ya kudai kwamba kila buti liwe na njia ya kufunguliwa kutoka ndani. Kwa miaka michache sauti yake haikusikilizwa sana. Kisha ukaja msimu wa joto wa mwaka 1998. Katika muda wa majuma matatu hivi, watoto 11 walikufa nchini humo katika matukio matatu tofauti baada ya kujifungia ndani ya buti za motokaa wakicheza.

Sababu ya vifo vya namna hiyo ni joto. Mfuniko wa buti ni bati, nalo hupokea mionzi ya jua na kuipitisha ndani ikiwa joto. Hewa iliyofungiwa haina mwendo wa kuliondoa joto hilo. Mwili wa binadamu hujipoza kwa jasho linalogeuka mvuke, lakini hewa ya mahali padogo hujaa unyevu upesi, na jasho haligeuki mvuke tena. Utafiti wa madaktari wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba joto ndani ya gari lililofungwa na kuachwa juani lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 za Selsiasi katika muda wa saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokea katika dakika 30 za mwanzo. Utafiti huo haukufanywa siku za joto kali peke yake, bali hata siku zenye nyuzi 22 tu nje. Mwili wa mtoto hupata joto upesi kuliko wa mtu mzima. Mwenye kuzijua siku za jua kali za pwani ya Afrika ya Mashariki hana haja ya kuelezwa zaidi.

Baada ya misiba hiyo serikali ya Marekani ilitoa kanuni ya usalama wa magari namba 401. Tangu tarehe 1 Septemba 2001, kila motokaa mpya yenye buti iuzwayo nchini humo sharti iwe na kifaa cha kufungulia buti kutoka ndani. Kifaa hicho kikiwa ni cha mkono, lazima kionekane gizani, ama kwa taa ama kwa rangi ing'aayo yenyewe. Kikiwa ni cha kujiendesha, lazima kitambue kwamba mtu yumo na kufungua buti katika muda usiozidi dakika 5. Watengenezaji wengi walichagua njia ya kwanza: kishikio kidogo cha plastiki ing'aayo, kinachovuta kebo au wenzo.

Ustadi wa kifaa hicho unastahili kuangaliwa. Kebo haihitaji betri. Mwanga wa plastiki hiyo nao hauhitaji betri, kwani chembe zake hupokea nishati ya mwanga wakati buti liko wazi na kuirudisha polepole wakati wa giza. Gari lililo hai na gari lililokufa, kwa mtoto aliye ndani, yote ni mamoja.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wapo wasemao kwamba kishikio cha ndani kitamsaidia mwizi. Hoja hiyo haina uzito mkubwa, kwa sababu kishikio kimo ndani ya buti lenyewe, na mwizi aliyekwisha kufika humo hana haja tena ya kufunguliwa. Ni kweli kwamba katika magari ambayo kiti cha nyuma hulala, aliyevunja kioo anaweza kukifikia. Lakini huyo huyo angeweza kuyafikia mizigo kwa njia ile ile bila ya kishikio.

Wengine husema kwamba betri hufa mara chache, na dereva mwangalifu hawezi kupatwa na shida hiyo. Hapo watu hawa wanachanganya mambo mawili. Uchache wa ajali si hoja pale ambapo ajali moja inatosha kuua. Isitoshe, kitasa cha umeme hakishindwi kwa betri peke yake. Nyaya zinazoingia katika mfuniko hukunjwa na kukunjuliwa kila buti linapofunguliwa, na hatimaye huweza kukatika. Fyuzi huungua, na maji huingia katika swichi. Gari likigongwa kwa nyuma, mambo hayo yote yaweza kutokea kwa pamoja.

Wako pia wasemao kwamba ni wajibu wa wazazi kuwaangalia watoto. Bila shaka ni wajibu wao, na kufunga gari lililoegeshwa nyumbani ni tahadhari isiyogharimu kitu. Lakini wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Uangalizi wa mzazi ni kinga ya kwanza, na kishikio cha ndani ni kinga ya pili. Mhandisi mzuri hajengi chombo ambacho usalama wake wote unaning'inia kwenye uzi mmoja.

WAJIBU WA AFRIKA YA MASHARIKI

Kanuni ya Marekani inahusu motokaa zinazouzwa Marekani. Haifuati gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko jingine. Motokaa nyingi zinazoendeshwa Kenya na Tanzania ziliuzwa kwanza Japani, na kwa hiyo mnunuzi hana hakika kwamba buti la gari lake linaweza kufunguliwa kutoka ndani. Nchi hizi hazitengenezi vitasa hivyo kwa wingi, lakini zina uwezo wa kuchagua zinachopokea. Mashirika ya viwango ya nchi zote mbili yamekuwa na utaratibu wa ukaguzi wa magari yaliyotumika. Kuongeza mistari miwili katika karatasi ya ukaguzi si kazi kubwa: je, buti hili hufunguka betri ikiwa imefunguliwa nyaya zake? Je, hufunguka kutoka ndani bila ya ufunguo? Gari lisilotimiza sharti hilo lingeweza kutiwa kebo na kishikio katika gereji ya kawaida kabla ya kupewa ruhusa. Ufundi unaohitajika si mkubwa kuliko ule wa kutengeneza kebo ya breki ya mkono.

Mafundi nao wana sehemu yao. Kitasa cha mkono kinapoharibika, wengine hukiondoa pamoja na kebo yake na kufunga mota ya umeme iliyonunuliwa dukani, kisha hulifunika tundu la ufunguo kwa rangi. Mwenye gari hufurahia upya huo bila kujua kwamba amepunguziwa njia. Sheria ya kazi hiyo iwe fupi: mota iongezwe, kebo isitolewe.

SOMO KWA DARASA

Kitasa cha buti ni kifaa bora cha kufundishia, kwani kinakusanya mahali pamoja wenzo, springi, sumaku-umeme, mota, gia na kanuni ya Ohm. Kitasa kilichotupwa hupatikana gereji kwa bei ndogo. Mwalimu aweza kukikaza juu ya ubao, akakiunganisha na betri ya volti 12 kupitia swichi, ammita na kikinza kinachobadilika. Kikinza hicho kitashika nafasi ya ukinzani wa ndani wa betri iliyochoka. Wanafunzi waongeze ukinzani kidogo kidogo, wakiandika volti na mkondo, mpaka kitasa kitakaposhindwa kufunguka. Kisha wafunge taa ndogo mahali pa kitasa na kuona kama itawaka kwa ukinzani ule ule. Mwishoni wafunge kamba kwenye kizuizi na kuivuta kwa mizani ya springi, ili wapime nguvu ambayo mkono wa mtoto ungehitaji. Jaribio lote lifanywe mezani. Mwanafunzi yeyote asiingie ndani ya buti la gari kwa ajili ya majaribio, hata kwa dakika moja.

Baada ya vipimo darasa liulizwe swali moja ambalo halimo katika vitabu vingi: chombo hiki kikishindwa, kitashindwa kikiwa wazi au kikiwa kimefungwa, na ni nani atakayekuwa upande wa ndani? Swali hilo lina maana kwa lifti, kwa milango ya umeme ya mabenki, kwa mageti ya mabweni na kwa vyumba vya baridi vya kuhifadhia samaki. Mwanafunzi aliyezoea kuliuliza atakuwa mhandisi wa kutumainiwa.

Umeme umeupunguzia mkono wa binadamu kazi nyingi, na hapana sababu ya kuukataa katika mambo madogo kama buti la motokaa. Lakini chombo hupimwa siku kinapokosa nguvu kama kinavyopimwa siku kilipo kizima. Kebo moja ya chuma na kishikio kimoja king'aacho gizani havimpunguzii dereva raha yoyote ya kitufe chake. Vinaweza siku moja kuwa tofauti baina ya mtoto aliyetoka akilia na mtoto ambaye hakutoka. Kwa gharama ndogo kiasi hicho, hakuna nchi wala fundi mwenye udhuru wa kutoviweka.